Tanzia Isiyo na Maiti

Mwalimu wa fasihi wa Tanga, ambaye pia anaongoza kikundi cha maigizo chuoni kwake, ameniandikia hivi: "Nimesoma Long Day's Journey into Night ya Eugene O'Neill mara mbili. Kila anayeitaja anaiita tanzia kubwa kuliko zote za Marekani. Mimi nilifundishwa, na ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu, kwamba katika tanzia shujaa huanguka akafa. Humu hafi mtu. Watu wanne wanaamka, wanakula, wanakunywa, wanagombana mpaka saa sita usiku, mama anashuka na gauni lake la harusi, pazia linafungwa. Tanzia iko wapi? Na ni mtoto gani mwenye adabu anayeandika uraibu wa mama yake mzazi ili watu walipe kiingilio kuja kuutazama?"

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mawili nami nitayajibu kama moja. Kadiri ninavyorudia kuisoma tamthilia hii, ambayo jina lake kwa lugha yetu lingekuwa kama Safari ya Siku Ndefu Kuingia Usiku, ndivyo ninavyoona kwamba anayemjua aliyekufa humu ndani atajua pia kwa nini mtoto aliandika.

Nianze na neno lenyewe, maana naamini ndilo lililotuponza. Kabla ya kuingia darasani, tanzia lilikuwa neno la barazani na redioni, nalo ni taarifa ya msiba. Mtu akikwambia amepokea tanzia humwulizi imeandikwa na nani, unamwuliza nani kafa. Wataalamu wetu walipolichukua neno hilo kutaja aina hii ya tamthilia, maiti akaja nalo. Mwanafunzi akisikia tanzia anaanza kuwahesabu wahusika, nani atatangulia. Lakini asili ya neno ni taaziya ya Kiarabu, nayo haimtaji maiti hata kidogo. Ni kumpa pole mfiwa, kumliwaza. Tanzia haipelekwi kwa marehemu, inapelekwa kwa waliobaki. Hilo tulishike, tutalirudia.

Hata kwa Wagiriki walioianzisha sanaa hii, kifo cha shujaa hakikuwa sharti. Chukua ile tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi alitupatia kwa Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Aristotle aliirudia mara kwa mara kama mfano wa tanzia iliyoundwa vizuri. Edipode anakufa? Hafi. Mkewe, ambaye kumbe ndiye mama yake, anajinyonga, naye Edipode anajitoboa macho, kisha anabaki hai, kipofu, anaomba afukuzwe mjini. Alichokitaka Aristotle ni tendo zito, lililo kamili, linaloamsha huruma na hofu. Kilichotufanya sisi tudai jeneza, nadhani, ni Shakespeare tuliosomeshwa na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambamo shujaa anaachwa akingojea kitanzi cha Wajerumani. Hizo ni tanzia kweli, lakini tusizigeuze kuwa kanuni.

Wala usidhani O'Neill hakujua kuua jukwaani. Kwa miaka ishirini aliua kwa kila namna. Beyond the Horizon, iliyompa mwaka 1920 Tuzo yake ya kwanza ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, inaisha kijana akifa kwa kifua kikuu kando ya barabara huku akilitazama jua likichomoza. Mwaka huohuo, katika The Emperor Jones, mtawala wa kujitawaza wa kisiwa fulani anapigwa risasi ya fedha msituni. Katika The Hairy Ape ya 1922 mchochea makaa wa melini anabanwa mbavu na gorila. Katika Desire Under the Elms ya 1924 mama anamziba pumzi mwanawe mchanga. Kisha mwaka 1931 akaja na Mourning Becomes Electra, kazi ndefu ya sehemu tatu. Humo aliichukua hadithi ya Aeschylus, mtunzi wa Kigiriki, ya ukoo wa mfalme Agamemnon akaihamishia New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mara baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mume anapewa sumu, hawara wa mke anapigwa risasi, mke anajiua, mtoto wa kiume naye anajiua.

Ukizisoma kwa kufuatana unamwona mtu anayehangaika. Anajua kuna jambo la kutisha ndani ya familia, na analitafuta kwa sumu na bastola. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mpaka leo hakuna mtunzi mwingine wa tamthilia wa Marekani aliyeipata. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 50, alijifungia katika nyumba yake karibu na mji mdogo wa Danville, California, akaweka bastola chini. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa ugonjwa wa neva ambao baadaye ungemnyang'anya kalamu kabisa. Aliandika kwa penseli, kwa herufi ndogo sana, naye mkewe Carlotta Monterey akawa anazipiga chapa. Carlotta alisimulia baadaye kwamba mumewe alikuwa akitoka katika chumba cha kuandikia macho yamemwiva kwa kulia, amezeeka kana kwamba ameongeza miaka kumi kwa siku moja.

Na alichokuwa anakiandika mle ndani ni kifungua kinywa cha nyumbani kwao. Siku moja ya Agosti 1912, tangu saa mbili unusu asubuhi, sebuleni, katika nyumba ya kiangazi ya mwigizaji mzee James Tyrone. Wamo Mary mkewe, na vijana wao Jamie na Edmund. Mama amerudi karibuni kutoka hospitali alikokwenda kuachishwa morfini, amenenepa kidogo, anacheka. Wanaume watatu wanamtazama. Yeye anawauliza mbona mnanitazama hivyo, nywele zangu zina nini? Wao wanasema hakuna kitu. Na wao wana lao wanalomficha: Edmund anakohoa, wote wanashuku ni kifua kikuu, lakini kila mmoja anamwambia mama ni mafua tu ya kiangazi. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sijui kama kuna tamthilia nyingine duniani iliyoutanua msemo huo kwa saa kumi na tano mfululizo. Mchana mama amekwisha panda chumba cha juu na kushuka akiwa na macho mengine. Jioni ukungu unaingia kutoka baharini, honi ya mnara wa taa inalia. Usiku wa manane yuko mbali, kwa akili, kuliko meli yoyote iliyo nje kwenye ukungu huo.

Unasema wanagombana tu. Nakuomba usikilize upya wanagombania nini. Baba yangu mdogo alipofariki, jioni ya siku ya tatu, wageni wengi walipokwisha ondoka, nilikaa nyuma ya nyumba nikawasikia wakubwa zangu wanaanza. Nani alichelewa kumpeleka hospitali. Nani alikuwa na hela akanyamaza. Nani alimpa zile dawa za dukani. Kila aliyeshtakiwa alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, na ukiifuata sababu hiyo ulifika kwa mtu mwingine aliyekuwa na sababu yake. Hakuna aliyekuwa mwovu. Hapo ndipo nilipoielewa Safari, miaka kadhaa baada ya kuifaulu kwenye mtihani.

Fuatisha nami. Kwa nini Mary anatumia morfini? Kwa sababu alipomzaa Edmund aliumwa sana, na daktari wa hotelini akampa dawa hiyo kutuliza maumivu. Kwa nini daktari yule? Kwa sababu alikuwa wa bei rahisi, na Tyrone ni bahili. Hata sasa, mwanawe akikohoa, anamwita Dakta Hardy anayetoza dola moja, huku siku hiyohiyo akikimbilia kununua kiwanja kingine. Basi mwenye kosa ni Tyrone. Lakini ngoja mpaka usiku, umsikie Tyrone akimsimulia Edmund utoto wake: baba aliyewatelekeza akarudi Ireland kufa, mama aliyekuwa akisugua sakafu za watu, yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi kazini kiwandani saa kumi na mbili kwa siku, kwa senti hamsini kwa wiki. Mtoto huyo alijifunza thamani ya dola, na hakuweza tena kulisahau somo hilo hata alipokuwa tajiri. Basi mwenye kosa ni babu aliyekimbia? Na babu je? Familia halisi ya mtunzi ilitoka Kilkenny katika miaka ya njaa kuu ya viazi. Ukiendelea kuvuta kamba hii utaifikia njaa iliyoua watu Ireland kabla Mary hajazaliwa.

Kwa Wagiriki kazi hii ilifanywa na miungu na laana ya ukoo. O'Neill alizitafuta laana hizo katika Mourning Becomes Electra, na ukweli ni kwamba pale zinaonekana kama mavazi ya kuazima. Humu hakuhitaji miungu. Mary anasema mwenyewe, na ndiyo sentensi ninayoiona kuwa mhimili wa tamthilia nzima, kwamba wakati uliopita ndio uliopo, na ndio utakaokuja pia; sote tunajaribu kujitoa humo kwa uongo, lakini maisha hayaturuhusu. Mahali pengine anasema hakuna yeyote kati yetu awezaye kuyazuia mambo tuliyotendwa na maisha. Yanatendeka kabla hujayatambua, na yakishatendeka yanakufanya utende mengine, mpaka unajikuta umeipoteza nafsi yako ya kweli. Hebu soma maneno hayo halafu umkumbuke Edipode kwenye njia panda, alikomuua baba yake bila kumjua. Hofu ni ileile. Huruma ni ileile. Tofauti ni kwamba Edipode aliijua kweli mara moja, akajitoboa macho, ikawa imekwisha. Familia ya Tyrone inaijua kweli kila siku, kisha inaenda kula chakula cha mchana.

Ndiyo maana hakuna kifo cha kutuokoa. Kifo jukwaani ni aina ya pumziko: maiti akishaanguka, sisi watazamaji tunaruhusiwa kulia na kwenda nyumbani. O'Neill alikwisha kutupa pumziko hilo mara nyingi, na safari hii aliliondoa kwa makusudi. Kesho yake, saa mbili unusu, wanne hawa wataamka tena.

Lakini nilikuahidi maiti, na yupo.

Kabla ya Edmund, Mary alizaa mtoto wa kiume mwingine. Alimwacha kwa mama yake ili amfuate mumewe kwenye ziara za maigizo, kwa kuwa mume aliandika kwamba anamkosa. Jamie, akiwa na miaka saba na anaumwa surua, aliingia chumbani kwa mtoto ingawa alikwisha katazwa. Mtoto akaambukizwa, akafa. Mary anaamini mpaka leo kwamba Jamie alifanya kusudi kwa wivu. Anajilaumu kwa kusafiri, anamlaumu mume kwa kumwita, na alimzaa Edmund ili kuziba pengo lile, na kumzaa Edmund ndiko kulikomleta daktari wa bei rahisi. Kila kitu humu ndani kinazunguka kitanda cha mtoto yule. Msiba ule haujawahi kukaliwa matanga yakaisha. Familia nzima iko tanga la miaka ishirini na saba, na sasa rudi kwenye neno letu: taaziya, pole isiyopata wa kuitoa, kwa kuwa wote wanne ni wafiwa na wote wanne ni washtakiwa.

Sasa tazama majina. Katika maisha halisi mtoto aliyekufa kwa surua mwaka 1885 aliitwa Edmund, na aliyezaliwa baadaye, Oktoba 1888, katika chumba cha hoteli kwenye njia ya Broadway jijini New York, aliitwa Eugene. Katika tamthilia mtunzi ameyabadilisha. Aliye hai ni Edmund. Aliyekufa ni Eugene. Wengine wote wamebaki na majina yao ya kwanza au yanayofanana nayo: James ni James, Jamie ni Jamie. Mwandishi alichukua jina lake mwenyewe akalilaza kwenye kaburi la mtoto, kisha akamwacha mama jukwaani aseme kwamba asingepaswa kuzaa tena baada ya Eugene. Nilipoligundua hili kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje. Unaniuliza maiti yuko wapi katika tanzia hii. Maiti ndiye aliyeiandika.

Sasa lile la adabu. Nakuelewa vizuri, kwa sababu nami nimelelewa kwenye nyumba ambamo ya ndani hayatoki nje ya ukuta. Lakini angalia mwenendo wa huyu bwana. Alipoanza kuandika, wote walikuwa wamekufa: baba mwaka 1920, mama mwaka 1922, kaka mwaka 1923, kaburi juu ya kaburi ndani ya miaka mitatu na ushei. Alipomaliza, mwaka 1941, hakuupeleka mswada kwenye jumba lolote la maonyesho. Aliutoa kama zawadi kwa mkewe siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, tarehe 22 Julai, na waraka mfupi unaosema kwamba ni tamthilia ya huzuni ya zamani, iliyoandikwa kwa machozi na damu, na kwamba ameiandika kwa huruma, kuelewa na msamaha kwa wote wanne wa nyumba ya Tyrone. Kisha mwaka 1945 mswada ukafungwa kwa lakiri kwenye kasha la chuma la wachapishaji Random House, na agizo kwamba usichapishwe mpaka ipite miaka 25 baada ya kifo chake, na usiigizwe kamwe. Hayo si mambo ya mtu anayeuza aibu ya mama yake kwa kiingilio.

Kiingilio kililetwa na Carlotta. O'Neill alifariki Novemba 1953 katika hoteli ya Boston, naye mjane, aliyerithi haki zote, hakungojea miaka ile. Random House walikataa kulivunja agizo, basi akaupeleka kwa wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Yale, na Februari 1956 ikaigizwa kwa mara ya kwanza, kwa Kiswidi, katika Jumba la Kifalme la Tamthilia jijini Stockholm. Novemba mwaka huo ikafika New York, na mwaka uliofuata ikampa marehemu Tuzo yake ya nne ya Pulitzer. Alikosea mjane? Kwa agizo la mumewe, ndiyo. Mimi sina moyo wa kumhukumu, maana bila yeye tusingekuwa tunaandikiana barua hizi. Na kwenda Uswidi kulikuwa na haki yake: O'Neill aliamua kuwa mtunzi alipokuwa amelazwa kwa kifua kikuu, tangu mkesha wa Krismasi 1912 mpaka katikati ya 1913, akimsoma Strindberg, Mswidi aliyeonyesha ndoa kama chumba kisicho na mlango. Katika hotuba yake ya Nobel alimtaja kwa jina kuwa ndiye mwalimu wake mkuu.

Kama unataka kumlaumu, nitakuonyesha mahali pa haki zaidi. Mama yake halisi aliishinda morfini miaka kadhaa kabla ya kufa. Mwanawe alilijua hilo, na akaisimamisha saa mwaka 1912, kabla ya ushindi wake. Kwa tamthilia ni uamuzi sahihi; kwa mama ni deni. La pili ni zito zaidi. Kijana halisi wa mwaka 1912 hakuwa Edmund tunayemwona, mshairi mgonjwa asiye na mzigo. Alikuwa amekwisha kuoa, akamwacha mke, na alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili ambaye alikuwa hajajishughulisha naye. Mke na mtoto hao hawatajwi jukwaani hata kwa neno moja. Aliyaanika madhaifu ya baba, mama na kaka, na lake kubwa kuliko yote akalificha. Katika nyumba nzima ya Tyrone aliyetendewa kwa upole kupita wote ni mwandishi mwenyewe.

Na mambo aliyoyaandika hayakumwacha. Mwaka 1943, miaka miwili baada ya kuandika waraka ule wa msamaha, binti yake Oona aliolewa na Charlie Chaplin, yeye akiwa na miaka 18 na bwana harusi 54. Baba alimkata, hakusema naye tena mpaka kufa. Yule mtoto aliyeachwa, Eugene mdogo, akawa mwanachuoni wa Kigiriki cha kale, kisha akajiua mwaka 1950. Shane, mtoto wa kati, alinaswa na heroini, kama bibi yake alivyonaswa na morfini. Mary alisema wakati uliopita ndio utakaokuja. Aliyemwandikia maneno hayo alikuwa na watoto watatu waliokuwa wakiyathibitisha, na kuyaona kwa waliokufa kulikuwa rahisi kwake kuliko kuyaona kwa walio hai.

Umesema pia kwamba kikundi chako kinataka kuigiza kipande cha sehemu ya nne. Naomba mkiigize, na nikuongezee mambo machache niliyoyapata kwa kuwafanyisha wanafunzi mazoezi.

Kwanza, msikimbilie kupiga kelele. Vijana wakiona "wanagombana" hupandisha sauti tangu mwanzo, na dakika kumi baadaye hawana pa kwenda. Katika tamthilia hii kila neno kali linafuatwa na neno la kujuta, mara nyingi ndani ya pumzi hiyohiyo. Jamie, akiwa amelewa, anamwambia mdogo wake kwamba angependa kumwona anafanikiwa kuliko wote duniani, na kwamba ajihadhari, kwani yeye Jamie atafanya kila awezalo ili ashindwe. Anampenda zaidi ya anavyomchukia. Mwigizaji akichagua moja kati ya hayo mawili, ameiua sehemu nzima.

Pili, taa. Tyrone anagombana na Edmund kuhusu balbu moja iliyoachwa ikiwaka ukumbini, kisha kwa hasira na aibu anawasha taa zote za kuning'inia. Chini ya mwanga huo anasimulia jinsi alivyonunua tamthilia moja iliyompa hadi dola elfu arobaini kwa msimu, akairudia mwaka hadi mwaka mpaka kipaji chake cha kuigiza Shakespeare kikafa. Baba halisi wa mtunzi aliigiza The Count of Monte Cristo maelfu ya mara, mpaka nyumba yao ya New London, Connecticut, ikaitwa kwa jina hilo. Tyrone anajiuliza alitaka kununua nini hasa kilichostahili bei ile. Halafu anainuka, anazima balbu moja, na ya pili, na ya tatu. Mwambie kijana wako azizime polepole, bila kumtazama mwenzake. Mtu huyu ametoka kukiri kwamba ubahili umeyaharibu maisha yake, na vidole vyake vinaurudia. Mkiipata dakika hiyo hamtahitaji tena kuwaeleza watazamaji tanzia ni nini.

Tatu, miguu ya mama. Kwa muda mrefu Mary haonekani. Anasikika akitembea ghorofani. Wekeni mtu juu ya mbao nyuma ya jukwaa atembee kweli, msitumie sauti ya kurekodiwa. Wanaume wakisikia hatua zinakuja karibu na ngazi wananyamaza, zikirudi nyuma wanaendelea kuongea. Masikio yao ndiyo yaigize.

Mwisho, tafsiri yenu. Umenitumia sentensi ya kufunga kama mlivyoiweka: "Kisha nikampenda James Tyrone, tukaishi kwa furaha." Hapana, mwalimu. Mary amerudi kuwa msichana wa shule ya watawa, analikokota gauni lake la harusi bila kujua ni la nani, anasimulia jinsi alivyotaka kuwa mtawa. Halafu anakumbuka kwamba majira ya kuchipua yalipofika kuna jambo lilimtokea, ndiyo, anakumbuka: "Nilimpenda James Tyrone, nikawa na furaha sana, kwa muda." Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo mliyoyaacha. Mapema usiku huo baba alimwambia Edmund atampeleka hospitali yoyote aitakayo, kisha akaongeza "kwa kiasi". Yatafsirini yote mawili kwa ufupi uleule, yasikike kama ndugu. "Kwa muda" yawe ya mwisho kabisa, na baada yake asiseme mtu. Maelekezo ya mtunzi ni kwamba Mary anatazama mbele yake katika ndoto ya huzuni, Tyrone anajisogeza kidogo kitini, vijana wawili hawatikisiki. Hesabuni mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kufunga pazia.